Tumekutanishwa na paka wa mtaroni. Je, tofauti zetu zitakaa nyumba moja?

SWALI

Assalam aleikum, mshauri. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mhasibu katika kampuni ya mizigo hapa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale. Ni mtu wa kimya na kila shilingi yangu ina mahali pake. Mwaka jana wakati wa masika nilisimama Makadara nikihangaika kumtoa paka na watoto wake kwenye mtaro uliokuwa ukijaa maji. Kijana wa bodaboda akaegesha pikipiki, akavua shati, akaingia. Tangu siku hiyo tunaokota wanyama pamoja, na sasa tunapendana. Yeye ni wa Kisauni, shule aliachia kidato cha pili, anaongea na dunia nzima, hana akiba, na nyuma ya chumba chake anafuga mbwa koko watatu. Anataka kuleta posa. Mamangu amesema mtu wa mbwa haingii kwake. Mimi mwenyewe sina hakika kama nampenda yeye au naipenda ile kazi yetu. Kuna na mawili yanayonikera: harusi ya binamu yangu hakutokea, kwa sababu ya mbwa aliyegongwa na gari, na nilimkopesha 12,000 za kumlipa daktari wa mifugo, mpaka leo kimya. Je, tofauti zetu hazijazidi?

JIBU

Waalaikum salaam, dada yangu. Umeuliza kuhusu tofauti, lakini zito zaidi umeliandika kwa sentensi moja ukalipita: unampenda yeye, au unaipenda ile kazi? Nitaanza hapo.

Una haki ya kushuku. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walifanya jaribio kwenye daraja la kuning'inia la Capilano, karibu na Vancouver, Kanada. Daraja lile huyumba, na mto uko chini sana. Mwanamke aliyekuwa msaidizi wao aliwahoji wanaume waliokuwa wakivuka, kisha akawapa namba ya simu wampigie wakitaka kujua zaidi kuhusu utafiti. Wanaume wengine walihojiwa kwenye daraja imara, lililo karibu na maji. Kati ya waliochukua namba juu ya daraja linaloyumba, nusu walipiga simu. Wa daraja imara waliopiga walikuwa wawili tu. Maelezo ya watafiti ni kwamba moyo uliokuwa ukidunda kwa hofu ulimhesabia yule mwanamke mdundo wote.

Sisemi kuwa mapenzi yenu ni ya uongo. Nasema yalianzia mahali ambapo moyo wako ungedunda hata kama aliyevua shati angekuwa mzee wa miaka 70. Maji yanapanda, watoto wa paka wanalia, watu wamejaa ukingoni wakipiga picha kwa simu, na anayeingia ni mmoja tu. Nani asingemwona mkubwa? Kisha kila mnyama mliyemwokota baadaye ameirudisha hali ileile. Katika kazi hii nimewapokea watu waliopendana kwenye kampeni za uchaguzi, waliopendana wodini wakiuguza wazazi, hata waliopendana kwenye kamati ya mazishi. Shughuli ikiisha, baadhi yao hukuta bado wana la kuzungumza, na baadhi hukuta hawana. Nyinyi hamjajua mko kundi lipi kwa sababu shughuli yenu haina mwisho. Mombasa haitaishiwa paka.

Kwa hiyo tengeni jioni kadhaa zisizo na mnyama hata mmoja. Mbwa walishwe na rafiki yake, na simu za "kuna mbwa kagongwa Bamburi" zipokewe na mtu mwingine. Nendeni Mama Ngina, mle mihogo ya kukaanga, mkae mpaka habari za wanyama ziishe. Hapo ndipo pa kutazama. Anakuuliza kuhusu kazi yako? Anajua ni nani anayekusumbua ofisini? Na wewe, unajua anataka nini maishani kisicho na miguu minne? Mkiweza kukaa kimya pamoja bila kuoneana haya, umepata jibu zuri. Ikiwa kila mara mmoja wenu anatafuta kisingizio cha kwenda kumtazama paka fulani, nalo ni jibu.

Sasa tuje kwake. Huruma kwa mnyama ni ushahidi mzuri, ila ni ushahidi wa kitu kimoja: unaonyesha mtu anavyomtendea asiyeweza kumlipa. Tena usiupime kwa siku ya mtaroni. Kuingia majini mbele ya watu kuna sifa zake. Kuamka alfajiri kusafisha kidonda chenye funza, siku ya kumi, hakuna anayetazama, hakuna sifa yoyote. Kama yeye ndiye huamka, hilo ni jambo kubwa na ulihesabu. Lakini paka hamuulizi mtu pesa zimekwenda wapi. Mbwa hana mama anayetaka kusalimiwa. Wote wawili husamehe kabla ya kuombwa msamaha. Mke hayuko hivyo, na asitakiwe kuwa hivyo. Mtu anaweza kuwa na subira isiyo na kikomo kwa asiyesema, akakosa hata chembe ya subira kwa anayejibu.

Kenya tuna mfano wa jambo hili unaojulikana duniani. George Adamson alikuwa bwana nyama kaskazini mwa nchi, mtu wa porini na wa maneno machache. Joy, aliyemuoa mwaka 1944, alizaliwa katika dola ya zamani ya Austria, alikuwa mchoraji, mwenye hasira za karibu. Tarehe 1 Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kuwa alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo kabisa, Elsa, walimlea wenyewe, wakamfundisha kuwinda, wakamrudisha porini, na kitabu cha Joy cha mwaka 1960 kikamfanya mashuhuri. Wasomaji wengi waliamini wameona ndoa ya kuigwa. Elsa alikufa Januari 1961. Miaka iliyofuata kila mmoja alijikita kwa wanyama wake, George kwa simba, Joy kwa duma na baadaye chui, na hatimaye wakawa wanaishi mbalimbali, George huko Kora na Joy huko Naivasha. Joy aliuawa katika hifadhi ya Shaba Januari 1980, George aliuawa Kora Agosti 1989. Watu wale waliweza kumsubiri simba kwa miezi mpaka ajue kujitafutia mawindo. Kusubiriana wao kwa wao kuliwashinda.

Sikusimulii haya ili kukutisha. Nataka uache kumhukumu bwana huyu kwa wanyama wake, kwa wema au kwa ubaya, na umtazame anapokuwa na mtu anayempinga. Je, amewahi kukosana nawe kisha akarudi mwenyewe kuzungumza? Abiria akimdhulumu nauli, hufanyaje? Dada zake humzungumziaje?

Kuhusu tofauti zenu, usiuamini sana ule msemo kwamba walio kinyume huvutana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu sifa 22 za wenza. Kwa sehemu kubwa ya sifa hizo wenza walifanana, na waliofanana zaidi ni katika dini, siasa na kiwango cha elimu. Uchangamfu ulikuwa karibu hauna uhusiano wowote: msemaji huoana na mkimya sawa tu na msemaji mwenzake. Kwa hiyo wewe kuwa kimya na yeye kuongea na dunia nzima, liondoe kwenye orodha ya hofu zako. Tena nadhani unalipenda, ila hukuliandika.

Elimu ni jambo jingine, lakini si kwa sababu ya vyeti. Mtu aliyeachia kidato cha pili anaweza kuwa na akili inayokata kuliko wahasibu wengi ninaowajua. Tatizo hutokea pale mmoja anapojiona anavumiliwa. Siku mtakapokaa na wenzako wa ofisini, tazama atakuwa nani mbele yao, na wewe utamtambulishaje. Ukijikuta unasema "ni rafiki tunayesaidiana naye mambo ya wanyama," basi tatizo la elimu liko kwako.

Pesa ndiyo tofauti ninayoiogopa. Si uchache wake, maana mwendesha bodaboda anayekwenda kazini kila siku si maskini wa kudharauliwa. Naogopa kwamba wewe unaiona shilingi kama mpango, naye anaiona kama dharura ya leo. Mtafiti wa ndoa John Gottman wa Marekani alikuta kwamba karibu asilimia 69 ya ugomvi wa wanandoa hauishi kabisa. Hurudi mwaka baada ya mwaka kwa sababu chanzo chake ni tabia za watu wenyewe. Wanaodumu ni wale waliojua namna ya kuuzungumza bila kudharauliana. Ugomvi wenu wa kudumu nauona tayari: kila mwezi kutakuwa na mnyama, na kila mnyama atakuwa na bili.

Kwa hiyo zile 12,000 zidai sasa, kwa sauti ya kawaida, mchana. Usizidai mkiwa na mnyama mgonjwa mkononi, wala usimtumie ujumbe usiku. Mwambie: "Nataka tuzungumze ile pesa ya daktari. Ilikuwa mkopo au mchango wangu?" Huenda aliichukua kama mchango wako kwa kazi mnayoifanya wote wawili, na huenda hukumwambia wazi. Akisema ulikuwa mkopo na hana, pangeni alipe kidogo kidogo kwa M-Pesa kila wiki. Kiasi si muhimu kama kuona atalipa mara ngapi kabla ya kunyamaza tena. Akikasirika kwa sababu umeuliza tu, dada, hilo ni kubwa kuliko mbwa wote watatu.

Baada ya hapo wekeni kibubu cha wanyama, kila mmoja achangie kadiri ya kipato chake, na kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao. Sehemu ya kwanza ya pesa hiyo iende kwenye kufunga uzazi. Hapa uhasibu wako utaokoa wanyama wengi kuliko shati lake lililovuliwa: paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hubeba kwa wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Mkimtibu mmoja bila kumfunga uzazi, mwakani mtarudi mtaroni kwa wajukuu wake.

Sasa ile harusi. Umeandika kwa uchungu, na najua kwetu kutoonekana harusini si jambo dogo. Lakini tenganisha mawili: kutokuja, na kutopiga simu. Mbwa aliyegongwa hawezi kungoja, hilo nakubaliana naye. Simu ya nusu dakika ingengoja nini? Kama alipiga akakueleza, basi ana hoja. Kama uliketi ukumbini ukiangalia mlango mpaka bibi harusi akatolewa, ana kosa, na mbwa si kinga yake.

Kuna kisa cha Daphne Sheldrick ambacho ningependa mkisome pamoja kwa utulivu. Mumewe, David, alikuwa mhifadhi wa Tsavo Mashariki tangu hifadhi ile ilipoanza, na Daphne ndiye aliyehangaika kwa miaka mingi kutafuta maziwa ambayo ndovu mchanga angeweza kuyanywa bila kufa, mpaka akagundua mchanganyiko wenye mafuta ya nazi. Mwaka 1974 alikuwa akimlea ndovu mchanga aitwaye Aisha, aliyekuwa akiendelea vizuri. Kisha Daphne akaondoka kwa siku kadhaa kwenda kwenye harusi ya binti yake. Aisha aliacha kula, akafa. Alikuwa amemzoea mtu mmoja tu.

Ukimsimulia mpenzi wako kisa hiki atakwambia: unaona, ndiyo maana sikuja. Msikilize, kisha mwambie mama huyo alijifunza nini. Hakujifunza kutokwenda harusini. Baadaye, katika kituo cha ndovu yatima cha Nairobi, walezi wamekuwa wakipokezana, anayelala na ndovu leo si lazima awe wa kesho, ili mtoto aipende familia nzima ya walezi na asife kwa kukosekana mtu mmoja. Mbwa watatu wa Kisauni wana mtu mmoja tu duniani. Akiugua malaria nani atawalisha? Akioa, akaenda na mkewe Lamu kwenye Maulidi? Kabla ya posa awe na watu wawili wengine wanaojua mbwa wanakula nini, daktari ni nani, na ufunguo uko wapi. Na wewe usiwe mmoja wa hao wawili. Wake wengi waliokuja kwangu wakilalamika kuhusu shughuli ya mume, iwe mpira, siasa au wanyama, walianza kwa kujitolea kuwa wasaidizi, wakaja kujikuta wameajiriwa bila mshahara.

Nimebakiza mamako. Mimi si sheikh, na swali la hukumu mpelekee mwanachuoni mnayemwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba mamako hakutunga. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa, na unyevu wake wote, ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Kufuga mbwa bila haja nako kuna katazo, na kumeachwa mlango kwa mbwa wa uwindaji, wa mifugo na wa shamba. Maimamu hawakukubaliana katika yote. Maliki wanamhesabu mbwa kuwa si najisi. Paka hana mjadala huo, ndiyo maana wale wa mtaroni mamako hakuwasemea kitu. Lakini mamako anajua pia, pengine kuliko sisi, hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumhurumia mbwa na kuishi naye chumbani ni mambo mawili. Mpenzi wako akisema wazi kuwa mbwa watabaki uani, na uwe uwanja wenye geti wanaoulinda, kwamba hawataingia ndani, na kwamba ana nguo za kazi hiyo asizosalia wala kuketia sebuleni, sehemu kubwa ya hoja ya dini imepata jibu.

Swali la kujiuliza ni hili: angekuwa na mbuzi watatu badala ya mbwa, mamako angempokea? Ninashuku kwamba angepata sababu nyingine. Mzazi wa Mji wa Kale aliyemsomesha binti mpaka uhasibu huona tabu kutamka "bodaboda" na "kidato cha pili" mbele ya majirani, na mbwa ni sababu yenye heshima zaidi. Mkimaliza suala la mbwa na bado akakataa, mtajua mnazungumza nini hasa, na hilo linahitaji maneno mengine kabisa: ana leseni, pikipiki ni yake au ya tajiri, anaswali, anamtunza nani nyumbani kwao.

Afya nayo muizungumze, na hapa siombi, nasisitiza. Mbwa wote watatu wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba, na karibu kila mgonjwa hufa. Mkiumwa au kukwaruzwa na mbwa msiyemjua, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Msingoje kuona kama mbwa atakufa. Nyinyi mnaoshika wanyama wa mtaani kila wiki muulizeni daktari kuhusu chanjo ya kujikinga kabla ya kuumwa. Ukija kujaliwa ujauzito, kazi ya kusafisha kinyesi cha paka iwe yake, kila siku bila kuruka, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma vilivyomo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mume anayefanya hivyo bila kukumbushwa kwa miezi tisa, mlete ofisini kwangu nimpe mkono.

Posa isiletwe mwezi huu. Kwanza zile jioni, zile pesa, na wale watu wawili wa kuwalisha mbwa. Yakienda vizuri, usimpeleke yeye kwa mamako, na wewe usiwe msemaji. Mtafute mjomba wako, yule ambaye mamako humsikiliza, umweleze yote, pamoja na mbwa na kidato cha pili, ili asije kuyasikia barazani kwa mtu mwingine. Mjomba aende Kisauni mwenyewe, bila taarifa, siku ya kazi, akamtazame kijana na nyumba yake. Akirudi ameridhika, yeye ndiye atakayejua aanzie wapi na dadake.